Kuachiana Kata: Ushirikiano wa Vyama Kutoka Kura Tatu Hadi Ibighi

Mpiga kura wa Kawetele, moja ya kata za mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, anapoingia kituoni kumchagua diwani hupewa karatasi yenye majina, picha na nembo za vyama. Anaweka alama moja tu. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye diwani, hata kama waliomkataa wakijumlishwa wanamzidi. Hakuna duru ya pili wala mgombea binafsi, na kila anayegombea lazima adhaminiwe na chama. Mambo haya yanaonekana kuwa taratibu za kawaida za ofisi ya msimamizi wa uchaguzi, lakini kwa miaka zaidi ya 30 yamekuwa na uzito mkubwa kuliko hotuba zote za majukwaani kuhusu umoja. Watu wengi hueleza kuvunjika kwa ushirikiano wa vyama vya upinzani kwa neno moja: uroho. Viongozi, husemwa, hawataki kuachiana. Sipingi kwamba uroho upo. Ninachokikataa ni kuufanya uwe maelezo yote, kwa sababu historia ya nchi hii inaonyesha wanasiasa wakishirikiana vizuri pale kanuni za kura zilipompa kila mmoja faida ya kushirikiana, na wakigombana pale kanuni zilipomtoza mwenye kumwachia mwenzake.

Baraza lisilo na kura, 1926–1957

Kabla ya ukoloni Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hawakuwa na mtawala mmoja. Nchi ilikuwa na machifu wengi wadogo, na kila kizazi kipya kiliposhika hatamu utawala uligawanyika tena kwa wana wa chifu. Wajerumani waliweka boma lao Tukuyu wakapaita Neu Langenburg. Waingereza waliowafuata walitunga mwaka 1926 sheria ya Mamlaka za Wenyeji, wakawakusanya machifu katika mabaraza yaliyokusanya kodi, yaliyoamua kesi na yaliyosimamia barabara na mashamba chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Mwananchi hakupiga kura. Mvutano ulikuwa kati ya koo na kati ya chifu na chifu, na aliyeshinda ni yule aliyekubalika bomani.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka kuyabadili mabaraza haya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa halmashauri za wilaya zenye wajumbe wa rangi zote. Kwa maneno ya wakati huo ilikuwa hatua ya maendeleo. Kwa wakulima waliokuwa asilimia kubwa ya watu, ilikuwa njia ya kuwapa Wazungu na Waasia wachache viti wasivyostahili kwa hesabu. Mwaka 1958 wananchi wa Geita, Usukumani, waliandamana kwa maelfu kuikataa halmashauri ya namna hiyo, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Geita iko mbali na Tukuyu, ila tukio lile lilionyesha kwamba halmashauri ya wilaya, chombo kinachodharauliwa mara nyingi kuwa cha mifereji na vyoo, ndipo watu wa kawaida wanapoiona serikali kwa karibu kuliko mahali pengine popote.

Kura tatu, 1958

Mwaka huohuo TANU ilikabiliwa na uamuzi mgumu kuliko wote tangu ilipoanzishwa Julai 1954. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulipangwa kwa utaratibu wa kura tatu: kila jimbo litoe wajumbe watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kila mpiga kura achague mmoja katika kila kundi. Asiyechagua wote watatu kura yake iliharibika. Wapiga kura wenyewe walichujwa kwa kipato, elimu au kazi. Lengo lilikuwa wazi: kukinyima chama cha Waafrika nguvu ya wingi wake, na kukipa nafasi chama cha UTP kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining.

Katika mkutano mkuu wa Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi walifika wakitaka TANU isusie. Julius Nyerere aliwashawishi wasisusie. Hesabu yake ilikuwa rahisi na kali: mpiga kura wa TANU amelazimishwa kumchagua Mwasia na Mzungu, basi TANU ndiyo imwelekeze yupi. Uanachama ulikuwa wa Waafrika pekee, kwa hiyo chama kisingeweza kusimamisha mgombea wake katika viti vile viwili, lakini kiliweza kuunga mkono watu waliokubaliana nacho. Hivyo ndivyo Sophia Mustafa na Derek Bryceson walivyopita Kaskazini, Amir Jamal Mashariki, na Lady Marion Chesham Nyanda za Juu Kusini. Katika nchi ya Wanyakyusa jina lililovuma upande wa TANU lilikuwa la John Mwakangale. UTP haikupata kitu. Zuberi Mtemvu, aliyeuona uamuzi wa Tabora kuwa usaliti, alitoka na kuanzisha African National Congress.

Nakaa hapa kwa makusudi. Kura tatu ilitungwa ili kuwagawa watu, ikazaa ushirikiano wa kimbinu uliofanikiwa kuliko wowote katika historia ya Tanganyika. Sababu haikuwa kwamba watu wa 1958 walikuwa wema kuliko wa leo. Mgombea Mwasia aliyeungwa mkono na TANU hakumnyang'anya kiti mgombea Mwafrika, maana kila mmoja alikuwa na sanduku lake la kushindania. Kumsaidia mwenzako hakukukugharimu chochote, na kutomsaidia kungekuharibia kura yako mwenyewe. Atakayesema kwamba lile lilikuwa suala la uhuru, na uhuru huwaunganisha watu hata pasipo kanuni, amtazame Mtemvu. Naye alitaka uhuru, tena upesi zaidi, na bado alijitenga. Uzalendo ulikuwepo pande zote mbili. Ushirikiano ulitokea pale ambapo hesabu iliuruhusu.

Mshindani ndani ya nyumba, 1960–1992

Kilichofuata kilikwenda haraka. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati yake vilipita bila kupingwa. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere na hakufikisha asilimia 2 ya kura. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria, na mabaraza ya machifu yakawapisha madiwani wa halmashauri. Mwaka 1965 nchi ikawa rasmi ya chama kimoja, na ushindani ukahamia ndani: wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba.

Katika kipindi hiki TANU ilijenga kitu ambacho vyama vya baadaye havikupata kukiiga: mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alijua nani amehamia, nani amefiwa, nani ana ugomvi wa mpaka wa shamba. Alitoa barua ya utambulisho na kusuluhisha mume na mke. Katika milima ya Rungwe, ambako nyumba zimetawanyika katikati ya migomba na njia huteleza kwa mvua karibu mwaka mzima, mtu mmoja kwa kila nyumba kumi ni hazina ambayo haipatikani kwa mkutano wa hadhara wa siku moja. Halmashauri zenyewe zilivunjwa mwaka 1972 katika kile kilichoitwa madaraka mikoani, ambapo kwa kweli madaraka yalikwenda kwa watumishi wa serikali kuu. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Miaka yote hiyo 12 ambayo hapakuwa na halmashauri, balozi alibaki kwenye nyumba zake.

Vyama vingi viliporuhusiwa Julai 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali kupendekeza hivyo ingawa wengi wa waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, CCM, mrithi wa TANU, haikuanza upya kama wengine. Iliingia uwanjani na mabalozi wake.

Vyama vingi, kura moja, 1994–2010

Uchaguzi wa kwanza wa madiwani katika mfumo mpya ulifanyika mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ya ule wa rais na wabunge, na CCM ikachukua kata nyingi mno. Upinzani ulichukulia kama jambo dogo, macho yakiwa Ikulu. Mwaka 1995 CHADEMA haikusimamisha mgombea urais, ikamuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyepata karibu asilimia 28. Mbeya Mjini ilikwenda NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 CHADEMA ilimuunga mkono Ibrahim Lipumba wa CUF, aliyepata asilimia 16, huku Mrema, sasa akiwa TLP, akigombea kivyake. Mwaka 2005 kila chama kikubwa kilikwenda na mtu wake.

Ushirikiano wote huo ulikuwa wa juu. Ulihusu jina moja katika karatasi ya urais, na ulikaa kimya kuhusu kata. Na tangu mwaka 2000 udiwani ulipounganishwa na uchaguzi mkuu, kata zikazidi kumezwa na kelele za urais. Hapa ndipo kanuni zinapoeleza zaidi kuliko tabia za watu. Ruzuku ya serikali kwa vyama inategemea kura na viti. Viti maalumu vya wanawake bungeni vinagawanywa kwa wingi wa kura, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati. Viti maalumu vya udiwani vinagawanywa ndani ya kila halmashauri kwa uwiano wa kata ambazo chama kimeshinda. Chama kinachomwachia mwenzake kata kinapoteza kiti, kinapoteza sehemu ya diwani mwanamke, na wanachama wake wa pale wanakosa miaka mitano ya sababu ya kukutana. Mwenzake akishinda, faida yote inaandikwa kwa jina la mwenzake. Ni kinyume kabisa na mwaka 1958.

Mtu anaweza kupinga kwa mfano wa Kenya: mwaka 1992 na 1997 upinzani uligawanyika na Daniel arap Moi akashinda, mwaka 2002 ukaungana katika NARC na Mwai Kibaki akapata zaidi ya asilimia 60, mfumo wa kura ukiwa uleule. Ni kweli. Lakini NARC ilikwenda kwenye sanduku kama chombo kimoja kilichosajiliwa, chenye alama moja, kikasimamisha wagombea wa ubunge na udiwani kwa jina lake. Tanzania njia hiyo haikuwa na kipengele cha kisheria hadi mwaka 2019. Na mlango mwingine, wa mgombea binafsi ambaye vyama vingeweza kumuunga mkono bila yeyote kumeza nembo ya mwingine, ulifunguliwa na Mahakama Kuu mwaka 1994 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ukafungwa kwa marekebisho ya Katiba, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Kwenye karatasi ya kura ya Kawetele hakuna kilichobadilika.

UKAWA, 2014–2016

Umoja wa Katiba ya Wananchi haukuzaliwa kwa ajili ya kura. Ulizaliwa ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, lililosusiwa na wajumbe wa umoja huo Aprili 2014, na Oktoba 26 mwaka huo CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakatia saini makubaliano ya kusimamisha mgombea mmoja kila ngazi. Mtihani wa kwanza ulikuja wiki saba baadaye, Desemba 14, katika uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji. CCM, iliyokuwa imepata zaidi ya asilimia 90 mwaka 2009, ilishuka hadi takriban asilimia 80 ya vijiji na theluthi mbili ya mitaa. Upinzani ulipata wenyeviti kwa maelfu, watu wenye mhuri na kivuli cha mwembe cha kukutania na wananchi.

Kwa Tukuyu ngazi hii ina uzito wa pekee. Katika mamlaka ya mji mdogo wenyeviti wa vitongoji ndio wanaounda baraza la mji, kwa hiyo kura ya kitongoji Kawetele haimpati msuluhishi wa jirani tu, inampata pia mjumbe wa kikao kinachojadili soko, stendi na taka. Chama kinachoshinda vitongoji mwaka mmoja kinaingia uchaguzi wa diwani mwaka unaofuata kikiwa na kitu kinachofanana na balozi.

Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 ulionyesha nguvu ya makubaliano na mipaka yake. Edward Lowassa, mgombea urais wa UKAWA aliyehamia CHADEMA kutoka CCM Julai, alipata karibu asilimia 40 dhidi ya asilimia 58 za John Magufuli wa CCM. Kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia upinzani ulichukua Mbeya Mjini na Tunduma. Rungwe na Busokelo, majimbo mawili ya wilaya hii, yalibaki CCM. Mahali pengine kuachiana kulishindikana waziwazi. Segerea, Dar es Salaam, CUF ilimsimamisha Julius Mtatiro na CHADEMA ikamsimamisha Anatropia Theonest, na kiti kikaenda kwa Bonnah Kaluwa wa CCM. NCCR-Mageuzi ilitoka na mbunge mmoja wa jimbo, James Mbatia wa Vunjo. NLD haikutoka na yeyote. Ukiwa mwanachama wa NCCR-Mageuzi ambaye uliachia jimbo lako kwa nia njema, mwaka 2020 ungeachia tena kwa sababu gani?

Mahali ushirikiano ulipofanya kazi ni baada ya kura, ndani ya vikao. Mwenyekiti wa halmashauri au meya huchaguliwa na madiwani na wabunge wa eneo husika, na pale cheo kinaweza kugawanywa. Dar es Salaam, baada ya kuahirishwa mara kwa mara na ubishi mkubwa kuhusu nani ni mjumbe halali wa kikao, Machi 22, 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA alichaguliwa Meya wa Jiji, naibu wake akitoka CUF. Ilala meya alikuwa wa CHADEMA na naibu, Omary Kumbilamoto, wa CUF. Kila chama kilipata chake, na madiwani wao walipiga kura pamoja, kama wapiga kura wa TANU walivyofanya walipokuwa na karatasi ya watu watatu.

Kata 43, Novemba 2017

Ushirikiano wa ndani ya vikao una udhaifu wake: unaweza kununuliwa mtu mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 2017 madiwani wa upinzani walianza kujiuzulu wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Baadhi walirudi kugombea viti vilevile kupitia CCM. Kumbilamoto naye alihamia CCM mwaka 2018 na kuwa Meya wa Ilala. CUF ilikuwa imeshapasuka kati ya upande wa Lipumba na upande wa Maalim Seif Sharif Hamad, na UKAWA ikabaki jina.

Novemba 26, 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo wa madiwani katika kata 43. CCM ilishinda 42. CHADEMA ililalamikia mawakala kuondolewa vituoni na wafuasi kukamatwa, na katika baadhi ya kata ilijitoa siku ileile ya kura. Kata moja iliyobaki ilikuwa Ibighi, katika halmashauri ya Rungwe, jirani ya Kawetele.

Ibighi inaipa hoja yangu jaribio kubwa zaidi, kwa kuwa CHADEMA ilishinda pale peke yake, bila UKAWA. Basi muungano hauna maana? Naona Ibighi inafundisha jambo lililo karibu zaidi na ardhi. Kuunganisha kura kunasaidia pale kura za upinzani zinapogawanyika, na katika kata nyingi za Rungwe mpinzani wa kweli wa CCM alikuwa mmoja tu. Hapo wa pili hakuwa na kura za kuachia. Alichoweza kuleta ni watu: wakala wa kukaa kituoni mpaka fomu ya matokeo ibandikwe, mwenye pikipiki wa kumpelekea chakula, mzee anayesikilizwa kwenye msiba. Ushirikiano wa kata ni kazi ya mikono, na makubaliano ya Oktoba 2014 yalitiwa saini Dar es Salaam.

Kuenguliwa, 2019–2025

Katika uchaguzi wa vitongoji, mitaa na vijiji wa Novemba 24, 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa kasoro za fomu, CHADEMA na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 99. Mtu makini atauliza: ukiwa huna mgombea kwenye karatasi, kuachiana kunahusu nini? Swali ni la haki. Hakuna mbinu ya vyama inayoweza kujaza pengo la mgombea aliyefutwa, na yeyote anayewalaumu wapinzani wa 2019 kwa kutoungana anawabebesha mzigo usio wao. Lakini mfululizo wa matukio hauanzi 2019. Kama wenyeviti wa 2014 wangekuwa wamelindwa na vyama vinne vyenye maslahi katika kila kitongoji, kuwaengua kungegusa watu wengi zaidi kwa wakati mmoja. Wakati fomu zinakataliwa, kila chama kilikuwa kimeshabaki na malalamiko yake.

Mwaka huohuo Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa na kutambua, hatimaye, miungano ya vyama kwa makubaliano yanayowasilishwa kwa Msajili. Mwaka 2020 utaratibu huo haukutumika: ACT-Wazalendo ilimuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA Bara na CHADEMA ikamuunga mkono Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, Zanzibar kwa matamko ya viongozi, katika siku za mwisho za kampeni, na karatasi za udiwani zilikuwa zimeshachapwa zikiwa na majina ya vyama vyote viwili. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 uliiacha CCM tena na takriban asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Aprili 2025 CHADEMA, iliyokuwa ikidai mageuzi kwanza, ilizuiwa kushiriki uchaguzi mkuu baada ya kutosaini kanuni za maadili.

Halmashauri zimebaki na kazi zake. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wilaya kama Rungwe hutegemea ushuru wa ndizi, viazi, chai na parachichi pamoja na fedha za serikali kuu, na diwani ndiye anayepaswa kuuliza ushuru huo umekwenda wapi. Kwa ratiba ya kawaida vitongoji vitachagua wenyeviti tena mwaka 2029 na kata madiwani mwaka 2030. Vyama vitakavyotaka kuachiana Kawetele vina muda wa kukubaliana mapema, kwa maandishi, kitongoji kwa kitongoji, nani anasimama, nani analeta mawakala, na aliyeachia atapata nini siku madiwani watakapokaa kumchagua mwenyekiti wa halmashauri.